Harusi Iliyosubiri Mbalamwezi

Kokushubira alikuwa mwaloni Igombe, ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, anageuza dagaa juu ya chanja, alipomwona Masele anakuja peke yake kutoka upande wa mitumbwi. Masele alikuwa mtoto wa shangazi yake Shimba, na Shimba ndiye mume wa Kokushubira; kwa Wasukuma mabinamu wa namna hiyo ni watani. Utani huo aliuhamishia kwa mke wa binamu yake tangu siku ya kwanza. Hakuwahi kumsalimia bila kumchokoza. Kama si "Mhaya, umeamka au bado unaota Kiingereza?" basi ni "Shemeji, leo tunakula nini, ndizi au ndizi?" Asubuhi hiyo alivua kofia, akasimama pembeni ya chanja, akasema kwa adabu, "Habari za asubuhi, shemeji."

Kokushubira akaacha kugeuza dagaa.

"Sema."

"Twende nyumbani kwanza, shemeji."

"Masele, sema hapa hapa."

Masele akaikunja kofia mkononi. "Tulikuwa tunarudi. Alisema kifua kinambana, akaomba akae kidogo. Akakaa pale mbele, akaegemea wavu. Tukamwambia, pumzika kaka, sisi tutaendesha. Tulipokaribia nchi kavu nikamwita tushushe mzigo. Hakuitika, shemeji."

Akina mama wa chanja za jirani walikuwa wameshaacha kazi zao. Wakaja wakamshika, mmoja huku, mwingine huku, wakijua ataanguka. Hakuanguka. Alimtazama Masele akauliza, "Padre ameambiwa?"

"Katekista Yeremia ameshakwenda parokiani."

Hapo ndipo Kokushubira akakaa chini mchangani, akajifunika khanga usoni, akalia.

Wageni waliokuwa mwaloni kununua dagaa walilishangaa swali lile. Mtu anaambiwa mume wake amefariki, naye anauliza habari za padre! Wenyeji hawakushangaa. Kwa miaka mingi mama huyo alikuwa akijiuliza jambo moja juu ya mume wake: siku Shimba akifa, atazikwa na nani?

Shimba alizaliwa Kisesa, kwa watu wa ng'ombe. Baba yake aliamini kwamba samaki ni chakula cha watu walioshindwa kufuga. Kijana alipomaliza darasa la saba alitumwa Igombe kumsalimia shangazi yake, mama yake Masele, akae siku chache arudi kuchunga. Masele akampeleka majini. Shimba akatapika njia nzima, na waliporudi akauliza wanatoka tena lini. Hakurudi Kisesa. Baba yake alimfuata, akamkuta kwenye mtumbwi anacheka na wenzake, akaona aibu kumkaripia mbele za watu, akarudi na mfuko wa dagaa aliopewa na dada yake. Alipofika nyumbani akawamwagia mbwa. Mama mtu akawahi nusu.

Ingawa aliuacha ufugaji, ufugaji haukumwacha. Kabla ya kutoka jioni alikuwa anaupigapiga mtumbwi ubavuni kwa kiganja, kama mtu anayemtuliza ng'ombe kabla ya kukamua. Dagaa wakipatikana kwa wingi upande fulani alisema, "Leo wamelala zizi lile." Wavuvi wenzake walimcheka mpaka nao wakaanza kusema hivyo hivyo.

Uvuvi wa dagaa ni kazi ya giza. Wavuvi wanaweka taa zinazoelea juu ya maji, zamani karabai na siku hizi za sola, dagaa wanafuata mwanga, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima linang'aa, dagaa wanatawanyika, taa haina kazi tena. Basi wavuvi wanarudi makwao. Siku hizo huitwa mbalamwezi. Ndipo nyavu zinaposhonwa, mitumbwi inapozibwa, watoto wanapopelekwa hospitali, na mambo yote yaliyokuwa yanasubiri yanapofanywa. Pale Igombe ukimuuliza mvuvi shughuli yake itakuwa lini, hakutajii tarehe. Atakwambia, "Mbalamwezi ijayo."

Shimba mwenyewe siku hizo zilimsumbua. Mwili wake ulishazoea kulala mchana, kwa hiyo nyumbani alikuwa anaamka kabla ya majogoo, hana la kufanya. Alifagia uwanja. Akimaliza wa kwake alifagia wa jirani. Alichambua maharage, alimenya ndizi, akabandika chai. Kokushubira akiamka anakuta kazi zake zote zimekwisha, na mume amesinzia kwenye kigoda, ufagio mkononi. Wanawake wa mtaa ule waliisubiri mbalamwezi kuliko waume zao.

Kokushubira alikuja Mwanza kwa meli kutoka Bukoba akiwa msichana, akifuatana na mama yake mdogo, Annet, aliyekuwa anafungua mgahawa Igombe. Shimba alikuja kula siku ya pili tu mgahawa ulipofunguliwa. Akaletewa sahani ya ndizi na samaki.

"Dada, asante kwa mboga," alisema. "Sasa niletee chakula."

"Hicho ndicho chakula."

"Hizi ndizi? Kwetu ndizi anapewa mtoto akilia."

"Kwetu mtu mzima akilia njaa anapewa hizo hizo," alijibu Kokushubira. "Na akizikataa tunajua anatoka nyumba ya michembe, amezoea kutafuna viazi vikavu kama panya."

Mgahawa mzima ukacheka, na Shimba akacheka kuwashinda wote. Akala ndizi zote. Kesho yake akarudi, na keshokutwa, mpaka mama mdogo Annet akamwambia kama anataka kuhamia pale aje na wazee wake. Akaja nao. Baba yake alitoa ng'ombe huku akinung'unika kwamba kijana hakuchunga hata mmoja wao.

Mtumbwi wake mwenyewe wa kwanza aliupa jina la mke wake. Alimleta fundi wa rangi kutoka Igoma, naye akaanza na herufi kubwa mno. Alipofika nusu ya jina ubao ukamwishia, akamalizia upande wa pili. Aliyesimama kushoto alisoma KOKUSHU, aliyesimama kulia alisoma BIRA. Kokushubira alipoletwa kuuona alizunguka mara mbili.

"Umenikata vipande viwili," alisema.

"Nimekuzungushia mtumbwi mzima," Shimba alijibu. "Kuna mke mwingine hapa Igombe aliyefanyiwa hivyo?"

Waliishi kwa furaha. Walimpata Winnie, kisha wadogo zake wawili. Palikuwa na jambo moja tu. Shimba hakuwa amebatizwa, na ndoa yao ilikuwa ya kimila. Kokushubira, aliyebatizwa angali mtoto na kulelewa katika nyumba ya sala za asubuhi na jioni, alikuwa anakwenda misa kila Jumapili na kukaa benchi la nyuma, pamoja na akina mama wengine ambao ndoa zao hazijabarikiwa. Wakati wa Komunyo watu wanainuka, benchi lile linabaki limejaa. Hilo aliweza kulivumilia kwa miaka. Lakini Winnie alipopata Komunyo ya kwanza, akirudi kutoka mbele na gauni lake jeupe, alipita pale nyuma akamtazama mama yake kwa mshangao wa mtoto asiyeelewa kwa nini mama haendi mezani. Kuanzia siku hiyo Kokushubira alianza kumwambia mume wake habari za kanisa. Shimba hakukataa. Alisema, "Mbalamwezi ijayo," na mbalamwezi ikija kulikuwa na wavu wa kushona.

Kisha akafa mzee Ngosha, mvuvi mwenzao, mtu mwema ambaye hakuwahi kubatizwa. Mke wake alikuwa mwanakwaya. Jumuiya ya kanisa ikaja, ikasali sala fupi, watu wakatupa udongo wakaondoka. Hakukuwa na misa. Kwaya ilikaa kwenye mikeka na vitabu vyao vimefungwa, na mjane akakaa katikati yao anawatazama. Kokushubira alirudi nyumbani, hakupika.

"Shimba," alisema, "ukifa nitakuzika vipi?"

"Chini."

Kokushubira hakucheka. Shimba alikuwa mtu ambaye mzaha ukigoma anaongeza mwingine mpaka ukubali, lakini jioni ile alimwangalia mke wake vizuri, akaacha.

"Haya. Nifanye nini?"

"Ubatizwe. Tufunge ndoa."

"Hayo tu?" akauliza. "Nami nilidhani unataka friji."

Katekista Yeremia alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye sauti inayotoka mbali. Shimba alimwendea akamweleza kwamba yuko tayari kusoma mafundisho ya ubatizo ila kwa masharti ya ziwa: wakati wa giza hayupo. Yeremia akafikiri, akasema basi atafundisha wakati wa mbalamwezi. Walianza watu wawili, Shimba na Masele aliyeburutwa. Baada ya miezi michache darasa la Yeremia lilijaa wavuvi, wengine wakisinzia, maana lilikuwa mchana, saa ambazo miili yao ilizoea kulala. Yeremia aligundua dawa. Akiona wamezidiwa, alisoma habari yoyote ya Bwana Yesu akiwa kwenye mashua. Hapo wote waliamka na kuanza kubishana: upepo ule ulitoka upande gani, kwa nini walikaa na nyavu zao mpaka asubuhi bila kuhama, na nani alikuwa anashika usukani.

Ikafika siku ya kuchagua jina la ubatizo. Yeremia alikuwa ameshaandika Petro.

"Petro hapana," Shimba alisema.

"Alikuwa mvuvi kama wewe."

"Katekista, si wewe uliyetusomea kwamba alishuka mashuani akazama mpaka akaokolewa? Mimi nakwenda ziwani kila giza. Nipe mvuvi ambaye hajazama."

Yeremia akakuna kichwa. "Yupo ndugu yake, Andrea."

"Huyo alizama wapi?"

"Sijasoma popote."

"Basi ndiye."

Tatizo likabaki tarehe. Shimba alihesabu mbalamwezi kwa uangalifu, akachagua Alhamisi moja ambayo mwezi utakuwa umejaa kabisa na wavuvi wote wapo, akaenda na mke wake kwa Padre Bagenda. Padre akatazama kalenda ukutani.

"Shimba, unataka niwafungishe ndoa Alhamisi Kuu?"

"Ni siku mbaya?"

"Ni usiku aliosalitiwa Bwana wetu."

Kokushubira alitamani sakafu ipasuke. Mwaka ukapita. Shimba akarudi na tarehe nyingine, ya mwezi wa kumi na mbili. Padre akamwambia hayo ni Majilio, wakati wa kungoja, na parokia ile haifungishi harusi wakati huo. Akahesabu tena, akaleta ya mwezi wa tatu. Kwaresima. Kokushubira akaanza kusema moyoni kwamba labda Mungu mwenyewe hataki.

"Padre," Shimba alisema, na safari hii hakuwa anatania, "mwezi wangu na kalenda yako haviivani. Kila nikiwa nyumbani, nyie mnafunga."

Padre Bagenda akacheka mpaka akavua miwani. "Hebu niambie. Pasaka zote ulizokaa hapa Igombe, ulikuwa ziwani au nyumbani?"

Shimba akafikiri. "Nyumbani."

"Zote?"

"Zote. Nakula pilau, nalala. Nilidhani ni bahati tu."

"Si bahati. Pasaka inafuata mwezi. Mwezi wa tatu ukishaanza kuishia, tunangoja mwezi mpevu, na Jumapili inayofuata ndiyo Pasaka. Ndiyo maana Juma Kuu lote lina mbalamwezi."

Shimba akamgeukia mke wake, macho yamemtoka. "Kwa hiyo mapadre nao ni watu wa mbalamwezi! Mbona hukuniambia?"

"Mimi ningejuaje? Mimi ni mtu wa ndizi."

"Utabatizwa Mkesha wa Pasaka," Padre alisema, "na Jumatatu ya Pasaka nitawafungisha ndoa. Kwaresima imekwisha, na mwezi bado mkubwa. Komunyo mtapokea siku hiyo, pamoja. Lakini Shimba, sikiliza. Mkesha ni mmoja kwa mwaka. Ukikosa, tutaonana mwakani."

Nini tena kingeharibika? Lakini Shimba hakutaka wageni wake wale kuku. Jumamosi Kuu asubuhi alisema anatoka na Masele kutega sato.

"Nunua," Kokushubira alimwambia.

"Mvuvi anunue samaki wa harusi yake? Watanicheka mpaka Musoma."

"Shimba, Mkesha ni jioni hii."

"Mama Winnie, nitakuwa hapa kabla jua halijapoa."

Wakatoka. Mchana upepo ukageuka, ukaleta magugu maji. Yalikuja kama shamba zima linalohama, yakaijaza ghuba, na jioni ilipofika Kokushubira, akiwa amesimama na Winnie kwenye mawe nje ya kanisa, aliweza kuona mtumbwi wao mbali kidogo na ufukwe, umekwama katikati ya kijani, na watu wawili wanausukuma kwa pondo bila kusogea. Injini ilikuwa imemeza majani.

"Mama, baba anaonekana kama amepanda mchicha," Winnie alisema, akajizuia kucheka.

"Sali," mama yake alimjibu. "Sali, la sivyo nitaingia majini nimfuate, na nikimfikia hatakuwa na haja ya padre wa kubatiza."

Jua likazama, mwezi ukapanda mkubwa. Watu wakakusanyika uwanjani kwa ajili ya moto wa Pasaka. Yeremia ndiye aliyeandaa kuni, na moto haukushika. Alipuliza. Aliinuka, akatazama ziwani, akainama akapuliza tena.

"Yeremia," Padre alinong'ona, "hizi kuni umezitoa wapi?"

"Ni mbichi kidogo, Padre."

Padre naye akatazama ziwani. Mwishowe moto ukawaka, wakaingia kanisani na mishumaa. Sasa, Mkesha una masomo saba ya Agano la Kale kabla ya Injili, na kwa kawaida pale Igombe yalipunguzwa, maana watoto hulala. Usiku ule Padre Bagenda alitangaza kwamba yatasomwa yote, na kwaya iimbe kila zaburi mpaka mwisho. Watu wakatazamana. Kokushubira alikuwa benchi lake la nyuma, kando yake nafasi wazi ya Shimba. Likasomwa la uumbaji. Likasomwa la Abrahamu. Likasomwa la Waisraeli wakivuka bahari, naye akaomba kwa maneno yake mwenyewe kwamba aliyepasua bahari yote ile asishindwe na majani. Likasomwa la nne.

Katikati ya la tano akasikia mabuti ya mpira yakilia maji sakafuni. Chwap, chwap, chwap. Shimba alikuwa amelowa mpaka kifuani, gugu limemning'inia begani, mikono imechunika. Nyuma yake Masele amekumbatia ndoo ya sato, hakupata pa kuiweka. Walikuwa wameuacha mtumbwi kwa jamaa waliokuja kuwasaidia, wakatembea ndani ya magugu mpaka nchi kavu.

"Mama Winnie," Shimba alinong'ona, "jua limepoa kidogo."

Kokushubira akamtoa lile gugu begani.

Ilipofika zamu yake mbele, Padre Bagenda alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye buti. "Naona ziwa limeshaanza kazi yangu," alisema, na kanisa zima likacheka usiku wa Pasaka. Kisha akainua kikombe cha maji, na Shimba, akiwa bado anatetemeka kwa baridi, akabatizwa Andrea.

Jumatatu ya Pasaka alivaa suti ya kuazima yenye suruali fupi. Wavuvi walijaa kanisani mpaka nje, wengi wao hawajawahi kuingia humo. Walipoulizwa kama wanakubaliana, Shimba aliitikia kwa sauti ya kuita mtumbwi wa mbali. Wakati wa Komunyo wakatangulia wawili hao, na Kokushubira aliporudi akapita kwenye benchi la nyuma, wale akina mama wakanyoosha mikono, kila mmoja akamgusa. Mwaka uliofuata watatu kati yao walifunga ndoa. Waume zao walitoka darasa la mbalamwezi.

Sato walitosha. Baba yake Shimba, mzee sana sasa, aliletwa kutoka Kisesa, akawekewa sahani mbele. Watu wote wakageuka kumwangalia. Akamega, akatafuna, akameza.

"Ana miiba," alisema. Akaomba mwingine.

Tangu hapo, kila Jumapili ya mbalamwezi Shimba na mke wake walikaa pamoja benchi la tatu kutoka mbele. Shimba alisinzia wakati wa mahubiri, na Kokushubira alimfinya. Akienda ziwani sasa alifanya ishara ya msalaba kwanza, halafu anaupigapiga mtumbwi ubavuni. Masele alimuuliza ni kipi kati ya hivyo viwili kinachomlinda. Akajibu kwamba cha kwanza ni cha Mungu, cha pili ni cha ng'ombe, na mtu mwenye akili hamkasirishi yeyote. Neno hilo Kokushubira alilipeleka kwa Padre kwa wasiwasi. Padre alisema ampe Shimba salamu.

Shimba alifariki mwezi wa nane, wakati wa giza, akirudi kutoka ziwani.

Usiku huo hakuna mtumbwi uliotoka Igombe. Wavuvi walilala uwanjani kwa Shimba, wakiota moto. Asubuhi vijana walipokwenda kuchimba kaburi kwenye makaburi ya parokia, Masele aliwafuata, akashuka ndani, akalala chali, akakataa kutoka. Alisema yeye ni mtani, na kaburi hili amelipima, ni fupi, binamu yake alikuwa na miguu ya korongo. Alisema hatoki mpaka apewe suti ile ya harusi. Wakamkumbusha kwamba suti ilikuwa ya kuazima. "Basi nipeni aliyeazimisha," akasema. Walicheka hata waliokuwa wamevimba macho. Wakampa kuku, akatoka, wakachimba mbele kidogo kama alivyosema. Kisha alikwenda nyuma ya mawe peke yake, akakaa huko muda mrefu.

Misa ilikuwa saa nane mchana. Jeneza lilibebwa na wavuvi wenzake kutoka nyumbani mpaka kanisani, wakipokezana. Kwaya iliimba tangu mlangoni. Padre Bagenda alimtaja kwa jina lake, Andrea Shimba, mume wa Kokushubira, baba wa Winnie na wadogo zake. Katika mahubiri hakusema mengi. Alisema huyu ni mtu aliyetembea ndani ya ziwa kwa miguu ili awahi kubatizwa, na kwamba hana shaka amepokelewa. Wakati wa Komunyo Kokushubira alikwenda wa kwanza, Winnie amemshika mkono.

Jeneza likafunguliwa, watu wakapita kumuaga. Walikuwa wengi, ilichukua muda. Alikuwa amevaa shati jeupe na rozari mikononi. Kokushubira alipita wa mwisho. Akamnyoosha kola, akamwambia neno kwa Kihaya ambalo halikusikika, akarudi nyuma, likafungwa.

Makaburini Padre alinyunyiza maji ya baraka na kufukiza ubani. Jeneza likateremshwa kwa kamba. Kokushubira akatupa udongo, wakafuata watoto, kisha ndugu wa Kisesa na wa Bukoba, kisha wavuvi. Vijana wakafukia kwa majembe huku kwaya ikiimba, wakasawazisha, wakasimika msalaba wa mbao wenye jina na miaka yake. Yakawekwa mashada. Yeremia akaongoza sala ya mwisho, watu wakaitikia. Mwenyekiti wa mtaa akashukuru watu kwa kuja, akawaomba warudi nyumbani kwa marehemu wapate chakula. Wakaanza kuondoka taratibu, wakipita kwa mjane kumpa mkono wa pole. Ilipofika saa kumi na moja jioni makaburini walibaki Kokushubira na wanawe. Wakapiga ishara ya msalaba, wakatoka, wakafunga geti.